Mwongozo kamili: kununua Sony A7R ya mtumba bila kuuziwa kimeo

Zile kamera za fulu fremu (zenye sensa kubwa, sensa ni ile sehemu ya ndani inayonasa picha) zenye megapikseli 40 kwenda juu, ambazo zamani ulikuwa unaziona studio kubwa tu, sasa hivi zinauzwa mkononi na watu wa kawaida kabisa, unazikuta Jiji, unazikuta Facebook Marketplace, unazikuta kwenye status ya jamaa anayepiga harusi. Na nyingi ni mashine nzuri kweli. Shida ni kwamba watu wananunua jina, wanaona imeandikwa A7R basi hela inatoka, wakati kwenye mtumba modeli ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni hiyo bodi moja (kamera yenyewe bila lenzi) iliyoko mbele yako imeishi maisha gani. A7R II iliyokaa studio na ikatunzwa inaweza kukufaa miaka kuliko A7R IV iliyokesha kumbini kila Jumamosi ikimulikwa na taa za leza. Kwahiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ukaguzi. Nitatumia familia ya Sony A7R kwa sababu ndo zimejaa sokoni, ila ukiwa unawinda Nikon Z7, Canon R5 au Panasonic S1R hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Hizo megapikseli unazipeleka wapi?

Anza hapa kabla hujaangalia tangazo lolote. A7R II na A7R III zina megapikseli 42, picha moja ina pikseli 7952 kwa 5304. Ukiichapa kwa ubora wa juu, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, unapata karatasi ya kama sentimita 67 kwa 45, A2 inaenea na nafasi inabaki. A7R IV na A7R V zina megapikseli 61, pikseli 9504 kwa 6336, hiyo inakwenda sentimita 80 kwa 54, inakaribia A1. Sasa kamera ya megapikseli 24 ya kawaida tu, kama A7 III, inatoa sentimita 51 kwa 34 na hiyo tayari imepita A3. Albamu za harusi nyingi hazifiki huko, na picha za kutuma WhatsApp na Instagram ndo kabisa, zinapunguzwa mpaka huwezi kujua imepigwa na nini.

Watu hupenda kusema nataka megapikseli nyingi kwa ajili ya mabango ya barabarani. Bango linaangaliwa kwa mbali, huchapwa kwa pikseli chache sana kwa inchi, megapikseli 24 inalibeba bila shida. Zinakotumika kwelikweli ni kwenye picha za bidhaa ambapo mteja anataka kuona uzi wa kitenge, picha za majengo, mandhari za kuchapa na kuning'iniza ukutani, kunakili michoro na nyaraka, na wanyama au ndege ambapo huwezi kusogea, unapiga ukiwa mbali alafu unakata kipande cha katikati na bado kinabaki kikubwa. Kama kazi yako ni mojawapo ya hizo endelea kusoma. Kama ni harusi na matukio pekee, chukua A7 III safi, hela inayobaki nunua lenzi, hutajuta.

Hatua ya 2: Ijue familia nzima

A7R ya kwanza ilitoka 2013, megapikseli 36. Picha zake za mandhari kwenye tripodi bado zinapendeza ila fokasi ni ya polepole, haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, na shata yake (kile kipazia kinachofunguka kupiga picha) inapiga kelele. Siishauri kwa mtu anayepiga watu.

A7R II ya 2015 ndo ilibadilisha mambo, megapikseli 42, kitulizo cha mihimili mitano ndani (kinatuliza mtikisiko wa aina tano), fokasi yenye pointi 399. Udhaifu wake mkubwa ni betri, ile ndogo ya NP-FW50, inakupa picha kama 300 kwa kipimo cha kiwanda, na ina nafasi ya kadi moja tu. Kwa mtu wa bidhaa anayekaa sehemu moja na chaja ipo pembeni hilo sio tatizo na ndo bodi ya bei rahisi kuliko zote zinazofaa. Kwa kazi isiyorudiwa, kadi moja inanitia wasiwasi.

A7R III ya 2017 ni sensa ya megapikseli 42 tena lakini kila kitu kinachoizunguka kilitengenezwa upya. Betri ikawa NP-FZ100 ambayo inabeba chaji zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani, kadi mbili, kile kijiti cha kusogezea pointi ya fokasi, picha 10 kwa sekunde, USB-C. Aprili 2019 Sony wakatoa femwea (programu ya ndani ya kamera) namba 3.0 iliyoifanya ishike jicho la mtu vizuri zaidi na jicho la mnyama pia. Mtu akiniuliza achukue ipi bila kunieleza mengine, namwambia hii.

A7R IV ya 2019 ndo ilileta megapikseli 61, mshiko mnene zaidi na ulinzi bora dhidi ya vumbi na maji. A7R V ya 2022 ina megapikseli hizohizo 61 ila fokasi yake inatambua watu, ndege, wadudu, magari, kitulizo ni bora, kioo cha nyuma kinageuka pande zote, na video imeenda mbele sana. Kuna pia A7R IIIA na IVA za 2021, hizo ni zilezile zilizoboreshewa kioo cha nyuma, usikubali kuongezewa bei kubwa kwa sababu ya hiyo herufi.

Kwa majirani: Nikon Z7 ya 2018 ina megapikseli 45.7 na nafasi moja ya kadi ya XQD, kadi zenyewe ni ghali na huzikuti kila duka, Z7 II ya 2020 ikaongeza nafasi ya SD. Canon R5 ya 2020 ina megapikseli 45, ni mashine kali sana, ila ikirekodi video ya 8K inapata joto, na inataka kadi ya CFexpress upande mmoja. Panasonic S1R ya 2019 ina 47 na hushuka bei haraka kwa sababu wengi wanaiogopa uzito.

Hatua ya 3: Bajeti ni ya mzigo mzima

Kosa linalowakuta wengi ni kumaliza hela yote kwenye bodi. Sensa ya megapikseli 61 inaonyesha kila udhaifu wa lenzi, ukiifunga lenzi ya bei poa inayokuja na kamera za wanafunzi unapata faili kubwa lenye picha laini. Afadhali A7R II na lenzi kali kuliko A7R IV na lenzi ya kubahatisha. Lenzi ambazo zinazibeba hizi sensa na zinapatikana mtumba ni kama Sony 55mm f/1.8, Sony 85mm f/1.8, Sigma Art 24-70mm f/2.8 ile ya mirolesi (kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, kama hizi), na Tamron 28-75mm f/2.8 hasa toleo la pili. Ukitokea Canon na una lenzi zako za EF (zile za kamera za Canon za zamani), adapta ya Sigma MC-11 itakuvusha kwenda Sony, fokasi inafanya kazi ila usitegemee ile kasi ya lenzi ya Sony yenyewe. Ukienda R5, adapta ya Canon inazipokea lenzi za EF bila kulalamika.

Alafu faili. RAW (faili ghafi la picha) ya megapikseli 42 iliyobanwa ni kama MB 42, isiyobanwa ni karibu mara mbili. Ya megapikseli 61 ni kama MB 60 na isiyobanwa inafika MB 120. Kadi ya GB 64 kwenye A7R IV inakupa picha karibu elfu moja tu tena zilizobanwa. Laptop yenye RAM ya GB 8 itakuwa inakwama kwenye Lightroom (programu ya kuhariri picha) mpaka ukate tamaa, weka angalau GB 16 na SSD, na diski ya nje ya kuhifadhia. Weka pia betri ya pili ORIJINO, sio ya kuokoteza. Hizi gharama zote ziandike kwenye karatasi kwanza, kinachobaki ndo bei ya bodi.

Hatua ya 4: Bei na mahali

Ili ujue unapigwa au hupigwi, anzia bei ya kiwanda siku ilipotoka. A7R II na A7R III zilianzia kama dola 3,200 Marekani, A7R IV dola 3,500, A7R V na R5 kama dola 3,900. Sasa nenda eBay, chuja matangazo yaliyokwisha kuuzwa, sio yanayoomba bei, kwa sababu kuomba kila mtu anaomba. Angalia pia MPB ya Uingereza na KEH ya Marekani, hao wanapanga kamera kwa madaraja ya hali, na MPB wanaandika idadi ya shata (mara ilizopiga) kwenye nyingi. Ukipata wastani wa hapo, ongeza usafiri na kodi, Tanzania bara VAT ni asilimia 18, Kenya asilimia 16, na ushuru wa forodha ukiwepo. Hiyo ndo bei halali ya kwetu. Tangazo likiwa chini sana ya hapo jiulize mara mbili, ama ni ya wizi, ama ina tatizo, ama kamera yenyewe haipo.

Vyanzo ni vinne hivi. Mpiga picha mwenzako anayepanda daraja, huyu ndo bora kwa maoni yangu kwa sababu unaweza kuona kazi alizopiga nayo na watu wanamjua. Duka la mjini, Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, hapo unapata risiti na labda siku chache za kujaribu lakini jihadhari na mawinga, winga anakupeleka kwa mtu, anaweka cha juu, na baada ya hapo humjui wala hakujui. Mtandaoni, ambako unapata vya bei nzuri na matapeli pia. Na mtu anayetoka nje, Dubai, London, Japani.

Hapo kwenye Japani simama kidogo. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani menyu yake ni Kijapani peke yake, hamna pa kubadilisha lugha. Zinatunzwa vizuri sana na bei yake inavutia ndo maana zinaingia, lakini utaishi na menyu usiyoisoma na siku ya kuuza utauza kwa hasara. Kabla ya kitu kingine chochote mwambie muuzaji akupigie video akiwasha kamera, aingie kwenye mipangilio aonyeshe sehemu ya lugha. Kama lugha ya Kiingereza haipo, achana nayo, au ujue unachokifanya.

Hatua ya 5: Maswali kabla hujapanda daladala

Muulize ameinunua lini na wapi, risiti ipo? Boksi? Chaja orijino? Imewahi kufunguliwa au kupelekwa kwa fundi? Imewahi kuanguka, kuingia maji? Ilikuwa inapiga nini? Sikiliza hilo la mwisho kwa makini, mtu wa video za harusi na mtu wa picha za studio wanazichosha kamera sehemu tofauti.

Alafu mwombe kitu kimoja muhimu kuliko majibu yote: apige picha leo, akutumie faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye kamera, kwa Google Drive au akutumie WhatsApp kama dokumenti. Akikutumia kama picha ya kawaida WhatsApp inafuta habari zote za ndani. Ukilipata lifungue kwenye kompyuta kwa programu ya bure inaitwa ExifTool, tafuta mstari wa Shutter Count. Kwa Sony na Nikon hiyo namba inakaa ndani ya faili, ndo idadi ya mara shata imefunguka. Canon nyingi haziiandiki hiyo namba ndani ya picha, ExifTool isipokuonyesha itabidi uichomeke kwenye kompyuta na programu maalum siku ya kukagua.

Sony wanasema shata za A7R II, III na IV zimepimwa kwa mizunguko 500,000, R5 ni 500,000 pia, S1R 400,000, Nikon Z7 200,000. Kwahiyo bodi ya A7R III yenye 60,000 haijafanya kitu, yenye 150,000 ni ya kazi lakini bado ina maisha, ikipita 300,000 omba punguzo la maana kwa sababu unanunua pia siku ya kubadilisha shata. Ila usiabudu hiyo namba. Shata ya kielektroniki na video hazichoshi shata ya chuma, kwahiyo kamera ya video inaweza kuwa na namba ndogo sana huku matundu yake ya waya na sensa vimechoka. Muuzaji akikataa kabisa kutuma faili, sababu zozote atakazotoa, mimi hapo huwa naishia.

Hatua ya 6: Siku ya kukagua

Nenda mchana. Beba kadi yako, betri yako iliyojaa kama unayo, lenzi yako kama unayo, kitambaa, pampu ndogo ya kupulizia vumbi, simu yenye tochi, waya wa HDMI na laptop. Mwambie muuzaji mapema kwamba utahitaji kama saa moja, mwenye mali safi atakubali.

Anza na nje. Mikwaruzo chini kwenye bati la tripodi ni kawaida, kona iliyobonyea sio kawaida, hiyo ilianguka. Angalia vichwa vya skrubu kwa tochi, hasa zile za kwenye mdomo wa lenzi na za chini, zikiwa na makovu ya bisibisi ujue imefunguliwa. Angalia pale juu flashi inapoingia, na skrubu zote, kama kuna kutu. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyofanya, kamera iliyoishi Zanzibar au Mombasa karibu na bahari bila kutunzwa inaanza kujionyesha hapo. Raba zinazobanduka ni kitu kidogo, zinabandikwa, ila zinakusaidia kushusha bei.

Fungua milango yote, ya kadi, ya betri, ya waya. Chomeka waya wa HDMI uutikise kidogo ukiwa umeunganisha na skrini au laptop. Kwenye A7R II, III na IV hilo tundu ni lile dogo sana na ndo linalokufa kwa watu wa video. Chomeka chaja kwenye USB uone inachaji.

Chungulia kwenye kidirisha cha macho ukielekeza kamera sehemu nyeupe. Ukiona doa la njano au jeusi lisilohama, huyo mtu aliiacha kamera juani jicho likiangalia juu, jua linapita kwenye kile kilenzi na kuunguza skrini ya ndani. Kwetu huku na jua hili ni jambo la kawaida na kulitengeneza ni ghali.

Bonyeza kila kitufe, zungusha kila gurudumu, jaribu kijiti cha fokasi pande zote. Gurudumu likizungushwa mbele namba ikarudi nyuma, limechoka. Jaribu kadi kwenye nafasi zote mbili, watu wengi hutumia ya kwanza tu na hawajui kama ya pili imekufa.

Sasa sensa, hapa tulia. Toa lenzi, elekeza tochi kwa pembeni uangalie uso wa sensa. Vumbi lipo kila kamera, puliza kwa pampu, linahama. Lisilohama ni mafuta au mkwaruzo. Rudisha lenzi, weka f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga, hapo uko chini), piga ukuta mweupe au anga tupu huku fokasi ukiwa umeiharibu makusudi, alafu ikuze asilimia mia kwenye laptop upite kona hadi kona. Madoa meusi ya duara yenye kingo laini ni vumbi, yanasafishwa. Mstari mwembamba wenye kingo kali unaoonekana picha zote palepale ni mkwaruzo, na kubadilisha sensa kunaweza kukaribia bei ya bodi nyingine.

Kisha funika lenzi na kifuniko, weka ISO 100 piga sekunde 10, rudia kwa ISO 3200. Vidoti vichache vyekundu au vya bluu kwenye ISO kubwa sio ugonjwa, kwenye pikseli milioni 61 vitakuwepo, na kamera za Sony zina njia ya kuvifunika zenyewe, kwenye modeli mpya ipo hata kwenye menyu. Unachotafuta ni MISTARI. Leza za kumbini zikiingia moja kwa moja kwenye lenzi zinaunguza sensa, zinaacha kidoti chenye mstari. Jamaa mmoja alituletea bodi aliyonunua kwa mtu, picha za nje mchana ziko safi kabisa, ukifungua picha ya bwana harusi mwenye suti nyeusi unakuta kamstari ka pinki kamesimama wima kutoka kwenye bega mpaka chini ya koti, picha inayofuata palepale, inayofuata palepale. Ukuta mweupe usingekionyesha hicho kitu, ndo maana giza nalo lazima ulipige.

Usichanganye hiyo na mistari minene ya mwanga na kivuli inayopanda na kushuka ukipiga kwa shata ya kimya (ile ya kielektroniki) chini ya taa za LED. Hiyo ni tabia ya sensa kusoma polepole, A7R IV inayo sana, ukirudi kwenye shata ya kawaida na kasi ndogo inapotea. Usiikatae kamera nzuri kwa hilo, ila ujue kwamba ukumbini hutategemea shata ya kimya.

Shata: piga mfululizo picha nyingi kwa kasi ya 1/4000 ya sekunde ukutani, linganisha mwanga. Moja ikiwa nyeusi upande mmoja, shata imeanza kuchoka. Fokasi: weka ya kufuata jicho, mwombe muuzaji atembee kuja kwako, alafu kuza uangalie kope, ziwe kali kwenye picha nyingi. Kitulizo: piga kwa mkono kwenye 1/10 kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa, tofauti uione mwenyewe. Kamera ikizimwa ukaitikisa ukasikia kitu kinacheza ndani usishtuke, sensa za kitulizo huelea. Ila ikiwa imewashwa na kitulizo kipo kazini, picha kwenye kioo isiruke wala kutetemeka yenyewe.

Rekodi video ya 4K kama dakika kumi ukiendelea na mambo mengine, uone kama inajizima kwa joto. A7R II inajulikana kwa kupata joto, kwahiyo usiipeleke juani ukailaumu.

Betri: Nikon na Canon zina ukurasa kwenye menyu unaoonyesha uzee wa betri, hizi A7R tulizozitaja hazina, kwahiyo angalia asilimia unapoanza na unapomaliza hiyo saa moja. Ikiporomoka kutoka 80 mpaka 30, hesabu bei ya betri mpya kwenye maongezi. Betri feki za NP-FZ100 ni nyingi, maandishi yamefifia na kamera wakati mwingine inatoa onyo ukiziweka.

Kama lenzi ipo kwenye mauzo, fungua tundu lake mpaka mwisho uipitishe tochi kwa nyuma. Fangasi anaonekana kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani, na mikoa yenye unyevu amejaa. Lenzi yenye fangasi usiiweke hata begi moja na zako.

Hatua ya 7: Namba, karatasi na hela

Linganisha namba ya utambulisho (serial namba) iliyoko chini ya kamera na ile ya kwenye boksi na risiti. Kibandiko kikiwa kimekwanguliwa, ondoka, hakuna maelezo yatakayokutosha. Ukikutwa na mali ya wizi utaipoteza na unaweza kujikuta kituoni ukijieleza.

Kwa muuzaji binafsi andikishianeni: jina la kamera, namba yake, bei, tarehe, nakala za vitambulisho vya NIDA, sahihi zenu na shahidi. Kwa Tanzania mnaweza kwenda ofisi ya serikali ya mtaa mkagongewa muhuri, mtu aliyeiba hatakubali kwenda huko na hapo tayari umeshapata jibu. Dukani dai risiti ya EFD na iandikwe namba ya kamera, na siku za kurudisha ziandikwe pia, maneno ya mdomo hayasaidii.

Hela usitume mbele. Sio nusu, sio ya kushikilia mzigo, sio ya boda. Mtu anayesema kuna mteja mwingine anakuja saa tisa tuma elfu hamsini nikuwekee, mwache amuuzie huyo mteja. Lipa mkiwa pamoja, ukaguzi umekwisha, kwa benki au kwa M-Pesa ili ubaki na kumbukumbu, na jina linalotokea kwenye simu lifanane na la kitambulisho. Ukinunua kutoka nje tumia njia inayokulinda kama PayPal ya bidhaa, wala usikubali ile ya kutumiana ndugu na marafiki.

Bei ipunguze kwa ulichokiona, sio kwa kulialia. Mwambie betri imechoka, raba imebanduka, shata 180,000, natoa kiasi hiki. Muuzaji mwelewa anasikia hesabu.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Ukifika nyumbani rudisha mipangilio yote ya kiwandani, kisha angalia namba ya femwea kwenye menyu uweke mpya kutoka tovuti ya kampuni, betri ikiwa imejaa. Safisha sensa kwa vijiti vya upana wa milimita 24, hivyo ndo vya fulu fremu, kijiti kimoja mara moja kisha unatupa, au mpe fundi unayemwamini. Ihifadhi kwenye boksi linalofunga vizuri na pakiti za kunyonya unyevu, sio kabatini kwenye begi la kitambaa.

Alafu itumie sana hiyo wiki, kabla ya siku za kurudisha hazijaisha. Piga usiku, piga juani, jaza kadi zote mbili, iache iwake muda mrefu, na usiipeleke peke yake kwenye kazi ya mteja mpaka uwe umeshaipitisha huko kote, beba na ile ya zamani.